Shingo, kiuno na kichwa cha mja mzito: nilivyopanga upya kazi yangu ya cherehani

Mimi ni fundi wa nguo, Majengo. Mimba yangu ya pili ilitimiza miezi saba katikati ya Ramadhani, wakati ambao kila mteja anataka dera lake liwe tayari kabla ya Idi. Ikifika alasiri maumivu huanzia mabegani, yakapanda shingoni, yakashika kisogo, kisha yakaja mbele mpaka juu ya macho. Usiku ni zamu ya kiuno.

Nilianza kwa kupima presha, na wewe mwenzangu anza hapo kabla hujalaumu kiti. Baada ya wiki 20, kichwa kikali kisichotulia, macho kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba, au maumivu kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu, hayo si ya kukaa vibaya. Yaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Presha ikifika 140/90, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na huku kwetu pwani, kichwa kikija na homa, upimwe malaria usingoje.

Presha yangu ilikuwa sawa, na damu pia. Yule nesi akanitazama nilivyojikunja pale kwenye benchi, akaniuliza, "Mwanangu, kazi yako ni gani?"

Akanieleza kwamba tumbo likikua huvuta mwili mbele, kiuno kikajipinda kwa ndani kuzuia usianguke, mabega nayo yakalegea mbele na shingo ikachomoza. Homoni za mimba hulegeza kano za nyonga na mgongo, basi misuli hufanya kazi mara mbili. Misuli ya shingo ikikaza kutwa nzima, kichwa lazima kiume.

Mimi nilikuwa nakalia stuli fupi isiyo na egemeo, na tumbo limenizuia kuikaribia cherehani, kwa hivyo nikiifuata kwa shingo. Nikachukua kiti cha mezani chenye mgongo, nikaweka mto mgumu juu yake ili nyonga zikae juu kidogo ya magoti, na leso (kanga) iliyoviringwa nikaiegemeza kiunoni. Seremala wa jirani akanikatia vipande vinne vya ubao vya inchi mbili, tukavitia chini ya miguu ya cherehani. Kazi ikapanda ikanifuata mimi. Buibui, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, nikazishona asubuhi tu, karibu na dirisha, maana ndizo zilizokuwa zikiniinamisha zaidi. Na kila nusu saa nilisimama, hata kama pindo halijaisha.

Nikisimama nafanya hivi. Mgongo na kisogo ukutani, kidevu nakivuta nyuma bila kukiinua, nahesabu mpaka tano, naachia. Mara kumi. Jioni napiga magoti na viganja juu ya mkeka, nainua mgongo kama paka aliyeshtuka, napumua taratibu, kisha naurudisha uwe sawa kama meza. Usiuache ubonyee chini, hapo ndipo kiuno kinapoumia.

Leso ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Ikunje pembe kwa pembe, kisha endelea kuikunja mpaka iwe mkanda wa upana wa kiganja. Katikati yake iweke nyuma, chini ya kiuno, juu ya mifupa ya nyonga. Lete ncha mbili mbele chini ya tumbo, inua tumbo kidogo kwa mkono mmoja, mtu akufungie fundo ubavuni. Vidole viwili lazima vipite kwa nafasi. Ikikubana au ukihisi ganzi, ilegeze. Ukienda kulala, ivue.

Kulala nako kulikuwa na kasoro yake. Kuanzia wiki ya 28 hushauriwa tulale ubavu, lakini mto wangu ulikuwa wa usufi, umejaa mpaka shingo inakunjika. Nikaufumua mshono, nikatoa makonzi mawili ya usufi, nikaushona tena. Mto wa pili kati ya magoti. Kuamka, jisukume kwa mkono ukiwa ubavu, usijikunje kwa tumbo.

Mtungi wa lita 20 usiuinue, gawanya maji kwa ndoo ndogo. Mbuzi ya nazi mpishe mwingine, au nunua nazi iliyokunwa kwa mashine.

Jambo jingine nililigundua nimechelewa. Sikuwa nafunga, nitalipa inshallah, lakini niliona haya kunywa maji mbele ya wateja wenye swaumu, basi kutwa nzima sinywi. Kichwa kingepona vipi? Nikaweka chupa nyuma ya pazia la kupimia nguo. Pia usiache kahawa na strungi (chai ya rangi) kwa siku moja. Kuacha ghafla nako huumiza kichwa. Punguza polepole.

Dawa ya kwanza wakati wa mimba huwa ni parasetamoli, kwa kipimo chake na kwa muda mfupi. Ibuprofeni na diklofenaki usijinunulie dukani, hasa baada ya wiki 20. Zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Kusingwa mabega kwa mkono mwepisi na mafuta ya nazi ni raha na hakuna ubaya, ila tumbo lisikandwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiusugue, mwone daktari.

Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kabla ya wiki 37, au yenye damu, maji kuvuja, mkojo kuchoma, au ganzi katikati ya mapaja, hayo usilale nayo. Namba ya tuktuk ya mtaani niliiandika kwa kalamu nene ubavuni mwa friji, mume wangu aione hata kwa tochi.