Kula ukiwa na akalazia: somo kwa walio Bukavu na Goma

Akalazia ni ugonjwa wa umio, njia inayoshusha chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Mishipa ya fahamu inayouongoza umio inakufa polepole, na msuli wa chini, pale unapoingia tumboni, hauachii tena. Chakula kinasimama kifuani. Alama kubwa ni kwamba hata maji yanakwama, si bugali peke yake. Kwa sababu mgonjwa anakonda na kukohoa usiku, wengi hutibiwa kwanza vidonda vya tumbo au kifua kikuu.

Hatua ya 1: Ujue ugonjwa wako. Muombe muganga wa hospitali fibroskopi (kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni), ahakikishe kwanza kwamba si kansa, kisha picha ya radio (eksirei) ukiwa umekunywa bariamu, dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha. Umio utaonekana umepanuka juu na kuchongoka chini kama mdomo wa ndege. Manometri, kipimo cha nguvu za misuli ya umio, ndiyo inayothibitisha pale inapopatikana.

Hatua ya 2: Chakula. Kwetu bugali hautafunwi: unafinyanga tonge, unachovya, unameza. Kwa mwenye akalazia mazoea hayo yamekwisha, hasa kwa bugali wa muhogo unaonata. Siwezi kukuambia uuache kabisa, maana najua mtu wa kwetu asipokula bugali anasema hajala. Chukua tonge la ukubwa wa haragwe, mchuzi uwe mwingi, utafune mpaka lilainike kabisa, halafu unywe maji ya vuguvugu. Maji baridi huzidisha maumivu kwa wengi. Sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa vizuri na kuiva sana inapita. Mishikaki ya mbuzi na mkate mkavu vinakwama. Sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) zilizokauka zitwange, uzitie kwenye maharagwe yaliyopondwa. Uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi), mashanza (maziwa ya mgando) na parachichi vitakurudishia uzito.

Na omba sahani yako peke yako. Ukila na wenzako sahani moja utakimbizana nao, na hapo ndipo chakula kinapogoma. Mueleze mapema mama aliyepika, asidhani umedharau chakula chake.

Hatua ya 3: Usiku. Kula mara ya mwisho masaa 3 au zaidi kabla ya kulala. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Mito peke yake inakunja tumbo tu. Chakula kilichobaki kwenye umio kikirudi ukiwa umelala, kinaweza kuingia mapafuni.

Hatua ya 4: Matibabu. Hakuna chakula kinachofungua msuli ule. Waganga wanaupanua kwa puto, au wanaukata kwa upasuaji alioanzisha Ernst Heller mwaka 1913. Mwaka 2008 Haruhiro Inoue wa Japani alianza kuukata kwa kupitia mdomoni, bila kupasua tumbo. Mishipa iliyokufa hairudi, lakini watu wengi wanakula vizuri tena.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kadutu:* Familia inasema mume wangu, mwenye akalazia, amepewa karuho (sumu ya kulishwa kwa siri), wanataka anywe dawa ya kutapisha.

Mama, pole sana. Usiwaruhusu, nakuomba. Umio wake ukiwa umejaa, kutapishwa kunaweza kuingiza chakula mapafuni. Msigombane nyumbani: mwende na mkubwa mmoja wa familia kwenye picha ya bariamu, muganga awaonyeshe wote pale chakula kinaposimama.

*Kijana wa Goma:* Yaya, soda inasaidia kushusha?

Wengine inawasaidia, wengine inawaumiza kifua. Anza na maji ya vuguvugu. Siku ambayo hata mate hayashuki, usijaribu kitu chochote, nenda hospitali siku ile ile.

*Papa wa Bagira:* Nilipasuliwa, nameza vizuri, lakini sasa nina kiungulia kikali.

Papa, hiyo hutokea mara nyingi, kwa sababu msuli uliokatwa ndio uliokuwa unazuia asidi. Rudi kwa muganga wako, omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, husaidia wengi. Na kila kidonge ukimeze ukiwa umekaa wima, kwa maji mengi, maana kikibaki kwenye umio kinauchoma.