Kansa ikisonga na daktari akaandika kemo mpya: namna ya kuwa na mwenzako

Naandika nikiwa sebuleni kwetu Sakina hapa Arusha, mke wangu mama Happy kalala chumbani, leo ni siku ya tatu toka awekewe dripu na siku ya tatu kwake ndo ile ya viungo kuuma mpaka anatembea kashika ukuta. Kansa ya titi iligundulika 2022, akafanyiwa upasuaji, akapewa kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, ile nyekundu, doksorubisini, ambayo ukienda haja ndogo mkojo nao unakuwa mwekundu siku moja mbili, akamaliza raundi zote tukashukuru Mungu tukajua yameisha. Mwaka jana mgongo ukaanza kumsumbua, tukadhani ni kubeba ndoo, siti skani ikaonyesha imefika kwenye mifupa ya mgongo na kwenye ini. Daktari akasema ugonjwa umesonga, tunabadilisha dawa. Naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye jana au juzi kaambiwa sentensi hiyo hiyo na sasa hajui aanzie wapi.

Anzia kwa kunyamaza. Mimi siku ile kwenye basi nilimwambia utapona tu mke wangu, mara ya kwanza tulishinda na hii tutashinda, akaitikia sawa na hakuongea tena mpaka kesho yake jioni. Alipoongea alisema, baba Happy ukiniambia hivyo nakosa pa kusemea. Lile neno sijalisahau. Mara ya kwanza mgonjwa anaogopa kitu asichokijua, mara hii anakijua, kichefuchefu anakijua, nywele kudondoka anakujua, na juu yake kuna swali kama dawa zitakubali, sasa ukimwahi na utapona tu unamfungia mlango. Kaa naye. Akisema naogopa sema na mimi naogopa. Akilia muache alie, usimpe leso haraka haraka kama unamwambia imetosha.

Halafu kuna kuonana na daktari kabla ya dripu ya kwanza. Hapo msiende mikono mitupu, nendeni na daftari, maswali yaandikwe nyumbani na yeye mwenyewe ayaandike, wewe ongezea yako. Yetu yalikuwa haya: hii dawa mpya lengo lake ni nini, kuutoa ugonjwa kabisa, kuupunguza, au kumpa muda na kumwondolea maumivu? Tutajuaje kama inafanya kazi na tutapima tena baada ya raundi ngapi? Isipofanya kazi kuna nyingine? Na tukiamua kupumzika itakuwaje? Swali la kwanza ndo zito na ndo watu wengi tunalikwepa, lakini ukishalijua jibu lake maamuzi mengine yote yanakaa sawa, hata ya hela, maana kuna watu wanauza shamba huko Rombo wakijua wananunua uponyaji kumbe daktari alimaanisha kitu kingine na hakuna aliyemuuliza. Ila muulize kwanza mwenzako kama anataka kusikia, wengine wanataka kujua yote, wengine wanasema msikilize wewe uniambie yale ya lazima. Vyote ni haki yake.

Sisi tunatibiwa hospitali ya KCMC Moshi, kituo chao cha kansa kilifunguliwa 2016, kabla ya hapo watu wengi wa kaskazini ilikuwa lazima ushuke Dar mpaka hospitali ya kansa ya Ocean Road. Lakini kutoka Arusha bado ni kama kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, na kurudi ndo kazi. Ongea na dereva wa Noah au Kosta mapema akuwekee siti ya mbele, beba mifuko ya plastiki, maji, khanga mbili na sweta hata kama kuna jua maana mtu akitoka kwenye dripu anasikia baridi ya ajabu. Ukipata ndugu wa kulala kwake Moshi usiku ule mmoja, lala. Na kipimo cha damu, FBP ile ya kuhesabu chembe za damu, na cha figo, ulizia kama mnaweza kupima siku moja kabla huku huku, tumewahi kufika saa mbili asubuhi tukaambiwa chembe nyeupe, zile za kinga, ziko chini rudini wiki ijayo. Ikitokea hivyo usigombane na nesi wala usimwonyeshe mgonjwa kwamba safari imepotea, kumpa dawa damu ikiwa chini ni kumweka hatarini, na ataumia akijua unahesabu nauli.

Siku ya dripu usitoke kwenda kupiga stori nje. Dawa yetu ya sasa ni paklitakseli, hiyo inaweza kuleta mzio, na mara nyingi ni dakika 10 au 15 za mwanzo kwenye raundi ya kwanza au ya pili, uso unakuwa mwekundu au unawasha, kifua kinabana, pumzi zinakata. Ndo maana wanampa dawa za kuzuia kabla. Ukiona chochote kati ya hivyo ita nesi pale pale. Na kama pale sindano ilipoingia panauma au pameanza kuvimba sema, usisubiri iishe.

Sasa naomba usome hapa taratibu kuliko sehemu nyingine zote. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya kanisani inatosha, weka alama siku ya dawa, halafu hesabu. Kama kemo ni ya kila siku 21 basi kuanzia siku ya 7 mpaka ya 14 hivi kinga inashuka chini kabisa. Sisi hizo siku tumezizungushia wino mwekundu. Nunua kipimajoto, pima asubuhi na jioni, na akijisikia baridi au kutetemeka pima hapo hapo. Ikifika 38 ni dharura, sio kesho asubuhi, ni sasa hivi hata kama ni saa nane usiku.

Huku kwetu homa ikianza akili ya kila mtu inaenda malaria, au UTI. Raundi ya pili mke wangu alipata homa siku ya tisa, mimi nikampa panado, homa ikashuka nikafurahi, usiku ikarudi na mtetemeko, tukaenda zahanati moja ya karibu wakampa dawa ya mseto ya malaria bila hata kuangalia damu na mimi sikusema kwamba yuko kwenye kemo maana sikujua kama ina uhusiano. Mchana wake alikuwa hawezi kukaa. Panado ile ilikuwa imeficha homa tu, wadudu wanaendelea kwenye damu na mwili hauna askari wa kupigana nao. Alilazwa siku sita. Kwa hiyo usimpe panado kabla hujapima na hujaongea na daktari, nenda hospitali kubwa iliyo karibu hata kama sio mnapotibiwa kansa, usianze safari ya kilomita 80, na sentensi ya kwanza mdomoni ikiwa hii: mgonjwa wangu yuko kwenye kemo, leo ni siku ya ngapi, ana homa ya ngapi. Isemee kwa nguvu kama mapokezi kuna foleni. Malaria wapime sawa, lakini anahitaji kupimwa damu na kupewa antibaotiki ya kwenye mshipa haraka bila kusubiri majibu yote. Andika sentensi hiyo kwenye karatasi ubandike mlangoni ili hata binti wa kazi aijue kama wewe haupo.

Kitu kingine cha kukimbilia hospitali, kwa ambao kansa imefika mgongoni kama sisi: maumivu ya mgongo yakizidi ghafla na miguu ikawa haina nguvu, au mkojo unagoma au unatoka wenyewe. Hapo uti wa mgongo unabanwa na kuchelewa kunaweza kumfanya asitembee tena.

Chakula usilazimishe. Mtori kidogo usio na mafuta mengi, uji, ndizi, viazi, yai lililoiva kabisa, kidogo kidogo mara nyingi, na apike mtu mwingine mbali na alipo maana harufu ya kitunguu kikikaangwa peke yake inatosha kumtapisha. Wazee wataleta mlaso na kisusio kwa upendo wote kwamba damu inaongeza damu, na kwetu wachaga kumkatalia mama mkwe ni mtihani, lakini damu mbichi na maziwa yasiyochemshwa kwa mtu mwenye kinga ya chini ni kumpa wadudu kwa kikombe. Mimi nilimwambia mama daktari amekataza mpaka amalize dawa, nikamuomba atupikie mtori badala yake, akakubali na sasa ndo anayeupika. Mdomo ukitoka vidonda asukutue maji ya uvuguvugu glasi moja yenye robo kijiko cha chai cha chumvi na robo ya magadi ya kuokea, mara nne tano kwa siku, mswaki uwe laini.

Mstafeli, mlonge, mwarobaini, unga wa sijui nini kutoka wapi, vyote vitakufikia kwa WhatsApp ndani ya wiki moja ukoo ukijua kansa imerudi. Tuliokuwepo 2011 tunakumbuka foleni ya magari kwenda Samunge Loliondo kunywa dawa ya miti ya Babu, kikombe shilingi 500, na tunakumbuka kuna watu waliacha dawa zao baada ya kunywa. Sikwambii umdharau anayekuletea, anakuletea kwa sababu anampenda mgonjwa. Pokea, weka kabatini, peleka jina kwa daktari uulize, kwa sababu dawa nyingine za miti zinapita kwenye ini na kugongana na kemo, na ini la mwenzako linaweza kuwa tayari lina mzigo kama la mke wangu.

Wageni wapange. Jumuiya wanataka kuja watu ishirini wasali, ni baraka kweli, ila kwenye zile siku nyekundu omba waje wawili watatu, wasio na mafua, wanawe mikono, wakae dakika chache. Desemba watu wakipanda nyumbani ndo balaa, ongea na kaka mkubwa mapema ili yeye awe msemaji sio wewe. Na wapo watakaouliza kwenye simu nifanye nini, wape kazi yenye jina: wewe lete kuni, wewe mchukue Happy shule Ijumaa, wewe njoo utoe damu ikihitajika. Kama hamna bima nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali mapema kabla deni halijawa mlima, na kama mna NHIF uliza kila dawa mpya kama imo na kama inahitaji kibali, maana ya mwanzo kuwemo haina maana na ya pili imo.

Ganzi ya vidole. Hii paklitakseli inakula mishipa ya fahamu, mwenzako atashindwa kufunga vifungo, atashika sufuria ya moto asisikie. Pima wewe maji ya kuoga, mweke mbali na jiko la mkaa, avae viatu hata ndani, na umwambie daktari ikianza tu kwa sababu wanaweza kupunguza dozi. Masaa 48 baada ya dripu mkojo, matapishi na kinyesi vina dawa ndani, vaa glovu, shuka zifuliwe peke yake, chooni mwaga maji ya kutosha. Kwenye unyumba tumia kondomu siku hizo na mimba isiingie kipindi chote cha dawa. Lakini usimkimbie kitandani. Mke wangu aliniambia kilichomuuma kuliko nywele ni mimi kuhamia kwa watoto nikidhani namwachia nafasi. Nimerudi, tunalala tu tumeshikana mikono.

Maumivu yasizoeleke. Akiandikiwa mofini ya kunywa usikatae kwa kudhani ndo mwisho, ni dawa ya maumivu makali na mtu anainywa huku anaendelea na maisha yake, anywe kwa saa sio kwa kusubiri maumivu, na aombe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo kwa sababu mofini inafunga choo sana. Hapa Arusha kuna watu wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, wa hospitali ya Selian, kazi ya kutembelea wagonjwa majumbani wameanza miaka mingi, na tiba shufaa inaenda pamoja na kemo, haimaanishi hospitali imekata tamaa.

Na kila baada ya majibu muulize kama bado anataka kuendelea. Muulize mkiwa wawili, bila mama, bila shemeji, bila mchungaji. Mimi niliogopa kuuliza miezi miwili kwa sababu niliogopa jibu. Alisema nataka nifike raundi ya sita, wakipima tena wakaona haijapungua nataka nipumzike nikae na Happy kwenye kibaraza nikiwa na nguvu za kumsuka. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya banda la kuku nikalia, halafu nikarudi nikaandika kwenye daftari kama alivyosema, neno kwa neno, ili siku ikifika na ukoo ukijaa hapa kila mmoja na lake niwe na maneno yake mwenyewe.

Wewe nawe kula. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli, mimi ni jirani yangu fundi seremala, haniulizi ananisogezea kigoda tu naongea yeye anapiga randa.

Jumatano ya wiki ya tatu tunaenda raundi ya nne. Damu tutapima Jumanne huku huku, Noah nimeshaongea naye, na Happy kasema safari hii khanga anachagua yeye.