Namna ya Kulinda Wanyamapori Kuzunguka Machimbo Madogo ya Dhahabu

Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya akiulizwa kuhusu wanyamapori, aghalabu atakuonyesha duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, na kukuambia kwamba ni dogo mno kumdhuru mnyama yeyote. Duara lina madhara yake, ila makubwa zaidi hutoka mwaloni, mahali ambapo mawe yaliyosagwa kwa karasha huoshwa na kuchanganywa na zebaki ili inase dhahabu. Kazi ianzie huko.

Kabla ya kujenga mwalo, pima umbali wake kutoka ukingo wa mto au ziwa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Zebaki ikifika kwenye tope la chini ya maji, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, ambayo huingia kwa samaki wadogo, kisha kwa samaki wakubwa wanaowala hao, ikizidi kukolea hadi kwa furukombe na fisi maji, na hadi kwenye sufuria ya kijijini. Chimba bwawa la kutuamishia tope, lisakafie kwa saruji au turubai nene, na uyarudishe maji yake mwaloni badala ya kuyaacha yatiririke.

Wakati wa kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, usitumie kopo la wazi, kwani mvuke wa zebaki hupaa na baadaye kurudi juu ya ardhi na maji. Tumia ritoti, yaani chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba linalopozwa kwa maji, ambacho hugeuza mvuke huo kuwa zebaki inayotumika tena. Mtu anayeinunua zebaki kwa fedha zake ataiona faida hii hata kabla ya kumfikiria furukombe.

Kosa ambalo wengi hawalioni ni kuuza marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yakiwa na zebaki kwa wenye mitambo ya sayanidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki. Sayanidi huiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri mbali zaidi, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, unataka mtindo huo ukomeshwe. Ondoa zebaki kwanza. Mabwawa ya sayanidi nayo yafunikwe kwa nyavu, kwani ndege mwenye kiu hawezi kutofautisha maji na sumu.

Kwa matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta za duara, nunua ya mikaratusi iliyopandwa. Ikibidi kukata miti ya miombo kwa kibali, usiving'oe visiki, maana mingi huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi. Kambini, hesabu waya zote na uzifungie, kwani waya uliotupwa ndio utakaotegwa mtego kesho.

Unapochimba, tenga udongo wa juu. Duara likiisha, anza kufukia kwa mawe na kifusi, udongo huo uje mwisho kabla ya mvua. Wakati ukisubiri, zungushia matawi ya miiba ili wanyama wasitumbukie. Duara la zamani lenye popo lisifukiwe mchana wakiwa ndani: subiri watoke jioni, uzibe mlango kwa wavu, na uahirishe kabisa ikiwa ni msimu wa makinda wasioweza kuruka.