Toki sahihi ya bolti za breki kwenye gari la zamani

Toki ni nguvu ya kuzungusha inayotumika kukaza bolti. Ili kuijua, fungua kitabu cha ufundi cha gari hilohilo, modeli na mwaka wake. Kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski) ikibadilishwa kutoka modeli nyingine, fuata namba ya toki ya kalipa iliyofungwa.

1. Kipimo kwanza, namba baadaye. Vitabu vya zamani vya Uingereza na Marekani huandika pauni-futi, vya Japani kilo-mita (kilo ya nguvu mara mita, si kilomita). Pauni-futi 1 ni Nm (nyutoni-mita) 1.356, kilo-mita 1 ni Nm 9.81. Bolti ya pauni-futi 60 inataka Nm 81. Ukiikaza Nm 60, umeiacha imelegea kwa robo nzima. Angalia pia pauni-inchi: 12 ndizo pauni-futi 1, na skrubu ya kutolea hewa hukatika papo hapo ukizichanganya.

2. Kitabu hakina namba. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Soma kichwa cha bolti: mistari 3 ni SAE (kiwango cha Marekani) daraja la 5 la uimara, mistari 6 ni la 8, za metriki huandikwa 8.8 au 10.9. Kisha pima uzi kwa geji ya nyuzi, usikisie kwa jicho. Bolti ya inchi 3/8 ya BSF (uzi mwembamba wa zamani wa Uingereza) ina nyuzi 20 kwa inchi, ya UNF (uzi mwembamba wa Marekani) ina 24. Nati ikigoma baada ya mizunguko michache, itoe, usiilazimishe. Kwa 8.8 yenye nyuzi kavu, M8 (unene wa milimita 8) hukazwa takribani Nm 25, M10 Nm 50, M12 Nm 85. Namba hizi hazifai kwa bolti yenye tundu ndani, skrubu ya kutolea hewa, wala uzi uliochongwa kwenye alumini.

Grisi ndiyo mtego mkubwa. Nguvu nyingi ya mkono huliwa na msuguano; takribani sehemu moja ya kumi tu ndiyo huvuta bolti. Ukipaka grisi, spana ya toki inasoma vilevile huku bolti ikivutwa kupita kiasi. Kitabu kisipotaja mafuta, kaza kavu. Mimi siipaki grisi ya shaba kwenye bolti za kalipa kabisa. Grisi ni ya pini za kuteleza. Bolti iliyosinyaa shingoni, tupa.

3. Kukaza. Vuta polepole, bila kusita, ukome kwenye mlio wa kwanza wa spana ya toki. Ukisimama katikati, legeza nusu mzunguko uanze upya, maana bolti iliyotulia hugoma na kudanganya spana. Kwa toki ndogo napendelea spana ya mshale, inayoonyesha toki kwa mshale badala ya mlio. Haina springi ya kuchoka. Washa za kukunja ziwe mpya kila mara.