Somo: Jina limebadilika kisheria, sasa stakabadhi zifuatwe kwa mpangilio gani?

Wanachama wenzangu, habari za jioni. Mwezi huu wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza jambo lilelile: hati ya jina jipya ninayo, naanzia wapi? Anzia kwenye kitambulisho. Usiguse akaunti ya benki mpaka kadi mpya iwe mkononi mwako.

Nasema hivyo kwa kuwa niliumia. Nilipoacha jina la baba wa kambo na kuchukua la nyanya aliyenilea, furaha ilinipeleka mbio hadi benki hata kabla sijaomba kitambulisho kipya. Mhudumu akanipokea vizuri, akabadilisha jina la akaunti siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi mshahara ukatumwa kwa jina la zamani, ukarudi ulikotoka. Nikaenda kwa wanaolipa mishahara, wakasema hawawezi kubadilisha jina langu bila cheti cha PIN, yaani namba ya mlipa kodi, chenye jina jipya. PIN nayo haingebadilika bila kitambulisho kipya, na kitambulisho ndicho nilichokuwa nimekiacha nyuma. Tarehe tano ikafika, mwenye nyumba yuko mlangoni. Dada yangu ndiye aliyenilipia kodi mwezi ule.

Hatua ya 1: Hati iwe safi kabla haijasajiliwa

Mtu mzima nchini Kenya hubadilisha jina kwa hati ya kubadili jina. Ukisikia mawakili wakisema "deed poll", ndiyo hiyo. Wakili huiandaa, wewe unaitia saini, na huambatanishwa na kiapo cha mtu anayekufahamu. Kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati pale Ardhi House, karibu na Ngong Road, chini ya Sheria ya Usajili wa Hati, Sura ya 285. Baada ya hapo tangazo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Rasimu ikitoka kwa wakili, isome herufi kwa herufi. Mimi nilikaa na binti wa mapokezi, yeye akishika cheti changu cha kuzaliwa, mimi nikishika rasimu, tukatamka kila herufi kwa sauti. Tukakuta "i" mahali pa "e" kwenye jina la nyanya. Kosa hilo lingesajiliwa, lingeingia kwenye gazeti, likafuata kitambulisho, PIN, benki, mpaka hatimiliki. Siku ile lilirekebishwa kwa dakika mbili, bila gharama yoyote.

Tangazo lenyewe ni aya moja fupi. Linataja namba za usajili wa hati, jina la zamani na jina jipya, kisha linasema kuwa mhusika ameliacha kabisa jina la awali na anawaomba watu wote wamwite kwa jina jipya peke yake. Nilipoliona la kwangu, katikati ya ukurasa uliojaa majina ya watu nisiowajua, machozi yalinitoka.

Gazeti husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Hata hivyo tafuta nakala iliyochapishwa, kwa Mpiga Chapa wa Serikali pale Haile Selassie Avenue, maana ofisi nyingine hukataa karatasi uliyojichapishia saibani. Mwombe wakili akuthibitishie nakala za hati kwa muhuri. Mimi nilitumia saba. Hati halisi usimwachie mtu, hata akisema utaichukua kesho.

Hatua ya 2: Kitambulisho

Nenda Huduma Centre iliyo karibu nawe: GPO, Makadara, Eastleigh, Kibra, au ofisi ya usajili wa watu ya eneo lako. Waambie unabadilisha maelezo, wala hujapoteza kadi. Ni maombi mawili tofauti, na ukiandikiwa la kadi iliyopotea utaletewa kadi mpya yenye jina lilelile la zamani. Beba hati, gazeti, cheti cha kuzaliwa na kadi ya sasa. Kabla ya kuondoka nyumbani, ipige kadi hiyo kopi pande zote mbili, maana hutabaki nayo.

Ada hulipwa kupitia eCitizen, namba ya malipo 222222. Kiasi utakionyeshwa kwenye ombi lako, na hakuna mtu mlangoni mwenye haki ya kukuongezea. Utapewa karatasi ya kusubiri. Itunze kama pesa.

Tangu 2024 kadi zinazotolewa ni Maisha Card, yenye chipu. Jambo la kukutuliza moyo ni hili: namba yako ya kitambulisho haibadiliki. Jina linakuwa jipya, namba inabaki ile uliyopewa ukiwa na miaka 18. Hiyo namba ndiyo kamba inayokufunga na kila akaunti uliyowahi kufungua.

Kadi ikitoka, subiri siku chache kabla ya kuendelea. Benki, kampuni za simu na KRA, yaani mamlaka ya kodi, hukuangalia kupitia mfumo wa serikali wa taarifa za watu, IPRS. Ukifika kaunta huku mfumo bado unaonyesha jina la zamani, mhudumu hana la kufanya, hata ukimwonyesha kadi inayong'aa.

Hatua ya 3: KRA

PIN nayo haibadiliki, kinachobadilika ni jina juu ya cheti. Ombi la kurekebisha maelezo lipo kwenye iTax, tovuti ya KRA. Likigoma, nenda dawati la KRA ndani ya Huduma Centre au Times Tower ukiwa na kadi mpya na hati. Ukimaliza, chapisha cheti kipya papo hapo. Benki, mwajiri na Sacco wote watakuuliza hicho.

Hatua ya 4: Laini ya simu na M-Pesa

Watu hulidharau jambo hili, na ndilo litakalokusumbua kila siku. Mtu akikutumia pesa, jina huonekana kabla hajathibitisha. Mteja wangu mmoja wa Gikomba alisitisha kunitumia elfu mbili kwa sababu jina lililojitokeza hakulijua. Mimi nilikuwa nimeshajitambulisha kwake kwa jina jipya, lakini laini bado ilikuwa na la zamani. Alifanya vyema kusitisha.

Nenda duka la Safaricom wewe mwenyewe na kadi mpya. Kabla ya hapo piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua, iripoti hapohapo. Waulize pia kuhusu akaunti za akiba na mikopo za M-Shwari au KCB M-Pesa kama unazitumia, usidhani zitajibadilisha zenyewe. Na kama una deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, lilipe kwanza ili usiwe na mambo mawili kwenye kaunta moja.

Hatua ya 5: Benki, mwajiri na Sacco, ndani ya wiki moja

Vitatu hivi viende pamoja, na wiki nzuri ni ile inayofuata siku ya mshahara, ili uwe na nafasi kabla ya malipo yajayo. Mwandikie mwajiri barua ukiambatanisha hati, kadi na PIN, na uombe akujibu kwa maandishi tarehe ambayo jina jipya litaanza kutumika. Benki watakuchukua saini mpya. Kama una hundi za jina la zamani, zirudishe. Kama wewe ni mmoja wa watia saini wa chama, mjulishe mweka hazina mapema: benki itataka kumbukumbu za mkutano, na akaunti ya kina mama ishirini inaweza kukwama kwa sababu ya jina lako wewe mmoja.

Kwenye Sacco, uliza pia fomu ya warithi, yako na zile ambazo wengine wamekuandika wewe. Mama yangu alikuwa ameniandika kwa jina la zamani. Tuliandika fomu mpya akiwa hai na akiwa na nguvu, na nawasihi mfanye vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Zilizobaki

SHA ya bima ya afya, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: ingia tovuti ya Afya Yangu au piga *147# uone jina lako limesomeka vipi, na uwaangalie wategemezi wako pia. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana ofisi Bishops Road. HELB ukiwa na mkopo wa masomo. Leseni ya udereva na kitabu cha gari kwa NTSA. IEBC, ili jina kwenye daftari la wapiga kura lilingane na kadi yako kabla ya Agosti 2027.

Pasipoti haifutwi jina, unaomba mpya kupitia eCitizen na kwenda Nyayo House kwa alama za vidole. Kama umeshakata tiketi, safiri kwanza au ubadilishe tiketi, kwa sababu jina la tiketi na la pasipoti lazima yafanane. Visa iliyo hai kwenye pasipoti ya zamani uiulizie ubalozi husika kabla hujafanya lolote.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Kasarani: Nimeolewa, nataka jina la mume. Nahitaji wakili?*

Hapana, dada. Cheti cha ndoa na kitambulisho cha mume vinatosha kuanzia kwenye kitambulisho chako, kisha fuata mpangilio uleule. Kama mlioana kimila na hamna cheti, ndoa za kimila zimekuwa zikisajiliwa tangu Agosti 2017, Msajili wa Ndoa yuko Sheria House. Na ujue hakuna sheria inayokulazimisha kubeba jina lake. Ukitaka kubaki na la baba yako, ndoa yako ni halali vilevile.

*Mwanachama wa Donholm: Na aliyeachika?*

Beba amri ya mahakama iliyovunja ndoa, pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Kutengana bila amri hakutoshi.

*Kijana wa Githurai: Cheti changu cha KCSE kina jina la zamani. Nitapataje kazi?*

Ndugu yangu, hili ndilo linalowanyima wengi usingizi. Cheti kinaonyesha jina ulilofanyia mtihani, na kwa kawaida hubaki hivyo. Unapoomba kazi ambatanisha cheti, hati na tangazo la gazeti, ukiviweka pamoja mwanzoni kabisa mwa bahasha, na kwenye barua uandike sentensi moja: stakabadhi za masomo ziko kwa jina langu la awali, hati imeambatanishwa. Mwajiri akitaka zaidi, kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yako. Njia ya mahakama pia ipo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru KNEC, baraza la mitihani, ibadilishe jina kwenye cheti cha KCSE cha Audrey Mbugua. Lakini hiyo ilikuwa kesi ndefu, na mwenyewe aliipigania kwa nguvu nyingi. Ningekushauri uanze na kiapo.

*Mama wa Umoja: Mtoto tulimwandika jina vibaya hospitalini. Ana mwaka mmoja.*

Mama, kimbia sasa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inawapa wazazi miaka miwili tangu kusajiliwa kwa mtoto kubadilisha jina kwenye daftari lenyewe. Nenda idara ya usajili wa vizazi na cheti cha mtoto na vitambulisho vyenu wazazi. Muda huo ukipita njia huwa ndefu na ya gharama, na mtoto ataanza shule akiwa na karatasi mbili zinazopingana.

*Mwanachama wa Eastleigh: Nimesilimu na msikitini wananiita jina jipya. Je, limekuwa rasmi?*

Kwa dini yako ndiyo, kwa kitambulisho bado. Ni sawa na jina la ubatizo. Unaweza kulitumia kwa watu wako maisha yako yote bila kugusa stakabadhi, hakuna kosa. Ukitaka liingie kwenye kadi, rudi hatua ya 1.

*Kaka wa Pipeline: Nina mikopo ya simu. Jina likibadilika CRB watanipata?*

Watakupata, kaka, hao wanaotunza kumbukumbu za wadaiwa, kwa sababu madeni hufuata namba ya kitambulisho, na nimesema haibadiliki. Lipa kwanza kidogokidogo, uombe cheti cha kumaliza deni, ndipo ufikirie jina.

*Mzee wa Ruai: Ploti yangu ina hatimiliki ya jina la zamani. Nikifa watoto watahangaika?*

Wanaweza kuhangaika sana, mzee wangu, na nimeona familia zikibishana kama jina kwenye hatimiliki ni la baba yao kweli. Usiache. Ardhi za Nairobi zimekuwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, tangu 2021, hivyo fungua akaunti kwa kitambulisho kipya, kisha umpe wakili hati na hatimiliki aombe kusajili mabadiliko ya jina. Mpaka ikamilike, weka hatimiliki, hati na gazeti ndani ya faili moja, na umwonyeshe mtoto mmoja unayemwamini mahali ilipo.

*Mama wa Kariobangi: Mume wangu alifariki. Shemeji wanasema nirudishe jina lao. Ni lazima?*

Pole sana, mama. Si lazima. Hakuna sheria inayokuondolea jina hilo kwa sababu ya kifo, wala ofisi itakayokuita. Kitambulisho chako kinabaki kilivyo, na ndicho utakachotumia kufuatilia haki zako kwenye Sacco na NSSF ya marehemu, kwa hiyo wakati huu usikibadilishe hata kwa shinikizo. Wakija tena, waambie wakuletee karatasi ya mahakama, na ukipokea yoyote niletee niisome nawe kabla hujatia saini.