Namna ya Kutibu Ugonjwa wa Madoa Meupe kwa Samaki wa Tangi

Samaki aliyeshikwa na ugonjwa wa madoa meupe huonekana kana kwamba amenyunyiziwa chumvi: vipele vyeupe, kila kimoja kisichozidi milimita 1 hivi, hutokeza kwenye mapezi, mkiani na ubavuni. Hata kabla vipele hivyo havijaonekana, mara nyingi samaki huwa ameshaanza kujikuna kwenye mawe na changarawe, kubana mapezi, kukataa chakula na kupumua harakaharaka karibu na uso wa maji. Kupumua huko ndiko dalili ya kuogopwa zaidi, kwa sababu kimelea hushambulia pia matamvua, mahali ambapo jicho la mfugaji halifiki, na samaki anaweza kufa kwa kukosa hewa ilhali mwilini ana vipele viwili au vitatu tu.

Kabla ya kutia chochote majini, hakikisha kwamba ugonjwa ni huo. Dume la samaki wa dhahabu linapokuwa tayari kuzaa huota chunjua ndogo nyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani. Hiyo si maradhi, na dume hilo hula na kuogelea kama kawaida. Vumbi laini la rangi ya manjano au dhahabu ni dalili ya kimelea kingine, na uvimbe mkubwa unaofanana na kipande cha koliflawa husababishwa na virusi ambavyo dawa za madoa meupe haziviwezi.

Kimelea cha madoa meupe ni kiumbe cha seli moja kiitwacho kitaalamu Ichthyophthirius multifiliis, jina ambalo kwa tafsiri ya karibu ni “chawa wa samaki mwenye watoto wengi”. Matibabu yote yanategemea kuyaelewa maisha yake. Kikiwa kichanga hupenya ngozi ya samaki, kikajificha chini ya tabaka la juu na kula seli zilizokizunguka hadi kinenepe. Kipele tunachokiona ndicho kimelea hicho pamoja na ngozi iliyokifunika. Kikikomaa hutoboa ngozi na kutoka, hushuka chini, hujibandika kwenye changarawe, majani au kioo, kisha hujifunika kwa utando na kujigawa mara nyingi, hata wakatoka watoto mamia kadhaa. Watoto hao huogelea kutafuta samaki, na katika maji ya vuguvugu wasipompata kwa muda wa siku 2 hivi hufa.

Ngozi ya samaki hukikinga kimelea kinachokula, na utando hukikinga kile kinachojigawa. Dawa huwaua hasa wale wanaoogelea. Kwa hiyo kipele kilichopo leo hakiguswi na dawa ya leo, na vipele vikitoweka siku ya tatu, huenda vimelea vimeshuka tu kwenda kuzaliana. Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea: hufurahi, huacha dawa, na baada ya siku chache samaki hurudi kuwa weupe kuliko mwanzo. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi mzunguko huo wote unaweza kukamilika katika muda usiofika wiki moja, ilhali kwenye nyuzi 10 huchukua zaidi ya mwezi, na muda wa matibabu hauna budi kufuata joto la maji.

Tibu tangi zima. Kumhamisha samaki mwenye vipele peke yake hakusaidii, kwa kuwa wakati kipele cha kwanza kinapoonekana, changarawe na maji huenda tayari yana vimelea. Anza kwa kufyonza uchafu wa chini kwa mpira na kubadilisha robo ya maji, ukiweka maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile. Toa mkaa kwenye kichujio, kwani hunyonya dawa, lakini acha sehemu nyingine za kichujio zifanye kazi. Ongeza pampu ya hewa.

Kisha pima ujazo wa maji yaliyomo, usitegemee ukubwa ulioandikwa kwenye tangi. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kina cha maji cha 36 lina lita 100 na ushei. Ukiondoa nafasi ya mawe na changarawe, hubaki kama lita 90. Tofauti hiyo ndiyo inayowazidishia samaki wengi dawa.

Kwa samaki wa maji ya joto, njia ninayoipendelea kuanza nayo ni joto pamoja na chumvi. Pandisha joto taratibu, nyuzi 1 au 2 kwa siku, hadi nyuzi 30, na ulishikilie hapo kwa siku 10 hadi 14. Joto hilo huharakisha mzunguko, na aina nyingi za kimelea hiki hushindwa kuzaliana humo, ingawa zipo zinazolistahimili. Ndiyo sababu joto peke yake halitoshi kutegemewa. Kumbuka pia kwamba maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba takriban 7.5 tu, hivyo samaki mwenye matamvua mabovu atahitaji hewa zaidi wakati ambapo maji yanayo kidogo zaidi. Samaki wa maji baridi, akiwemo samaki wa dhahabu, wasipelekwe kwenye joto hilo.

Chumvi iwe safi, isiyochanganywa na viungo, gramu 2 kwa kila lita. Lita 90 zinahitaji gramu 180. Ziyeyushe kwanza kwenye chombo cha pembeni na uzitie kwa awamu tatu ndani ya siku moja na nusu. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, maana chumvi haipai na mvuke. Lakini ukitoa lita 20, rudisha pamoja nazo gramu 40. Mimea mingi laini huumia kwa chumvi, na samaki wasio na magamba, kama jamii ya kambare, waangaliwe kwa makini.

Dawa za dukani huwa muhimu samaki wanapozidiwa au joto lisipowezekana. Nyingi zina malakaiti ya kijani (rangi ya kemikali), formalini (formaldehidi iliyoyeyushwa majini) au shaba. Formalini hupunguza oksijeni majini, kwa hiyo usiichanganye na joto la juu, na chupa iliyofanya mashapo meupe isitumike kabisa. Shaba huua konokono na kamba. Malakaiti hutia madoa yasiyotoka, ni sumu, na nchi nyingi zimepiga marufuku kuitumia kwa samaki wa kuliwa, vaa glovu. Fuata kipimo cha kwenye chupa, usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha, na kwa samaki wasio na magamba angalia kama mtengenezaji ameagiza kipimo pungufu.

Katika siku zote za matibabu, fyonza changarawe kila siku au kila baada ya siku moja, kwa sababu kila kimelea kilichojifunika utando unachokitoa ni mamia ya watoto ambao hawatazaliwa tangini. Baada ya kubadilisha maji, rudisha dawa kwa kiasi cha maji yaliyotoka tu. Lisha kidogo na upime amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kwani baadhi ya dawa hudhoofisha bakteria wa kichujio wanaoiondoa. Endelea angalau wiki moja baada ya kipele cha mwisho kutoweka, au zaidi ikiwa maji ni baridi, ndipo ushushe joto polepole na kuondoa chumvi na dawa kwa kubadilisha maji na kurudisha mkaa.

Samaki waliopona hupata kinga ya kiasi fulani, lakini wanaweza kubaki na vimelea vichache wasioneshe dalili, na hao ndio humwambukiza mgeni. Kwa hiyo samaki mpya akae kwenye tangi la peke yake kwa wiki 3 au 4, akiwa na wavu na mpira wake mwenyewe, na vifaa vilivyotumika kwa wagonjwa vianikwe hadi vikauke kabisa kabla ya kuingizwa kwenye tangi jingine, kwa kuwa kimelea hiki hakihimili ukavu.