Ukiambiwa mionzi itatangulia upasuaji: ya kuweka sawa kabla

Kwa kawaida saratani ya titi hutibiwa kwa upasuaji, mara nyingine kemo (dawa za kuua seli za saratani) ikiwa imetangulia, kisha mionzi hufuata kumalizia masalia. Daktari akikwambia mionzi itatangulia upasuaji, muulize sababu bila haya. Sababu za kweli zipo: uvimbe umeshika ngozi au ukuta wa kifua na kemo haikuusinyaza, au utatengenezewa titi jipya kwa nyama ya tumboni, na hawataki nyama hiyo ije kupigwa mionzi. Lakini foleni ya thieta (chumba cha upasuaji) si sababu ya kitabibu. Ukipewa hiyo, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Mpangilio ukigeuka hivi, kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachotolewa kwa sindano ili kupimwa, ndicho cha kushughulikia kwanza. Mgonjwa anayeanza na upasuaji, maabara huupata uvimbe wake mzima ukiwa haujaguswa. Wako utafika maabara ukiwa umeshachomwa na mionzi, pengine limebaki kovu tu. Kwa hiyo kinyama hicho cha mwanzoni ndicho shahidi mkuu. Hakikisha majibu yanataja aina ya saratani, vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) na HER2 (protini inayoweza kuchochea uvimbe kukua), na nakala ukae nayo mwenyewe. Tezi za kwapani nazo zichunguzwe kabla. Uliza pia kama wamepachika alama ndogo ya metali ndani ya uvimbe, maana ukiyeyuka, mpasuaji atajuaje ulikuwa wapi?

Halafu mkono. Kwenye kitanda cha mashine ya mionzi utalala umeuinua juu ya kichwa, bila kutikisika, siku zote za matibabu. Kama bega limekaza, anza mazoezi sasa, si asubuhi ya kipimo cha CT cha kupanga mionzi. Siku hiyo watakuchora alama kwenye ngozi, usizisugue bafuni. Titi likiwa la kushoto, uliza kama utafundishwa kubana pumzi ili moyo usogee mbali na mionzi. Watajie pia mimba au hata shaka ya mimba, kifaa cha mapigo ya moyo, ugonjwa wa lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), na mionzi uliyowahi kupigwa kifuani.

Ngozi hiyohiyo itapigwa mionzi na kisha ipasuliwe, kwa hiyo itunze mara mbili. Vaa dera au kanga laini, sidiria yenye waya iweke kando, na marashi na dawa za kienyeji zisipakwe hapo. Sukari idhibitiwe, na sigara iachwe kabisa, kwani zote mbili huchelewesha kidonda kupona.

Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa. Mara 15 ni wiki 3, mara 25 ni wiki 5. Anayetoka Kigoma kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ahesabu malazi na nauli kuliko dakika chache za kwenye mashine, na aongeze siku za akiba, kwani mashine huharibika. Tarehe ya upasuaji iandikwe kabla ya mionzi ya kwanza. Huwa ni wiki kadhaa baada ya ile ya mwisho: ngozi iwe imetulia, makovu ya ndani yasiwe yamekaza. Wakati huo wote wajukuu uwapakate. Mionzi ya mashine haibaki mwilini.